Waliozaliwa Siku Moja: 29 Aprili katika Historia ya Muziki

Watu wengi hupenda kulinganisha siku zao za kuzaliwa. Mtu akisikia kwamba fulani aliye mashuhuri alizaliwa tarehe moja naye, hufurahi kama aliyepata ndugu ambaye hakumjua. Hapo hakuna ubaya. Lakini wako wanaokwenda mbali zaidi. Husema kwamba kila siku ina nyota yake, na nyota ile humwandikia mtoto kazi yake kabla hajajua kutembea. Huyu amezaliwa siku ya waimbaji, ataimba. Yule amezaliwa siku mbaya, tusihangaike naye.

Neno hili si mchezo tu, maana wako watoto wanaoachwa bila kufundishwa kwa sababu yake. Basi tulipime. Tutatwaa siku moja ya mwaka, 29 Aprili, na wanamuziki wanne waliozaliwa siku hiyo: mmoja Washington, mmoja Bruxelles, mmoja New York na mmoja Glasgow. Wawili ni wa jazi hasa. Wawili walianza karibu na jazi, wakaingia katika muziki wa watu wote, ule unaochezwa katika karamu na kusikika njiani. Tutazame kama ni siku iliyowafanya ndugu, au ni jambo lingine.

Kwanza hesabu

Mwaka una siku 365. Wengi hudhani kwamba ili kuwapata wawili waliozaliwa tarehe moja ni lazima kukusanya mamia ya watu. Sivyo. Watu 23 katika chumba kimoja watosha. Hapo tumaini la kuwakuta wawili wa tarehe moja limekwisha kupita nusu. Sababu ni hii: hatumlinganishi mtu mmoja na wenzake tu, bali tunamlinganisha kila mtu na kila mwenzake, na katika watu 23 jozi za namna hiyo ni 253.

Sasa, wanamuziki walioandikwa katika vitabu vya historia ni maelfu. Uwagawanye kwa siku za mwaka, utaona kwamba kila siku inapata kundi lake. Kwa hiyo kuwakuta wanne katika 29 Aprili si ajabu wala si ishara. Ajabu iko katika maisha yao, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Mtoto wa mtumishi wa Washington

Wa kwanza ni Edward Kennedy Ellington, aliyezaliwa Washington tarehe 29 Aprili 1899. Rafiki zake walimwita Duke, neno la Kiingereza la mkuu wa ukoo wa kifalme, kwa sababu ya mavazi yake safi na mwenendo wake wa kiungwana. Baba yake alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa daktari mmoja, na mara nyingine aliitwa kuandaa karamu katika Ikulu ya Marekani.

Kijana Ellington alifundishwa piano alipokuwa mdogo, lakini moyo wake ulikuwa zaidi katika mchezo wa mpira. Baadaye ndipo alipoanza kuwasikiliza wapiga-piano wa mji wake na kuwatazama mikono. Tena kulikuwa na piano za mashine, ambazo vidude vyake hushuka vyenyewe bila mtu. Ellington aliipunguza mwendo mashine hiyo, ikapiga polepole wimbo wa James P. Johnson, bingwa wa New York, naye akaweka vidole vyake juu ya vidude vilivyokuwa vinashuka. Ndivyo alivyojifunza: bila haraka, kidole kimoja kimoja.

Tangu Desemba 1927 mpaka mwaka wa 1931 kundi lake lilipiga katika Cotton Club, nyumba ya starehe huko Harlem. Watu weusi walipiga na kucheza, Wazungu wakaketi na kutazama. Mweusi hakupokelewa kama mgeni wa kuketi mezani. Lakini redio ilichukua sauti ile na kuipeleka katika nyumba nyingi, hata kwa maskini waliokatazwa mlangoni. Ellington aliendelea kutunga, na nyimbo zake zimehesabiwa kupita 1,000. Siku alipotimiza miaka 70, yaani 29 Aprili 1969, Rais Nixon alimfanyia karamu Ikulu na kumvika Nishani ya Uhuru. Mwana alikaa kama mgeni wa heshima pale baba alipokuwa akibeba sahani. Ellington alifariki New York tarehe 24 Mei 1974.

Kinanda cha mdomo cha Bruxelles

Wa pili ni Jean-Baptiste Thielemans, aliyejulikana kwa jina la Toots. Alizaliwa Bruxelles tarehe 29 Aprili 1922, katika mtaa wa watu wadogo uitwao Marolles. Wazazi wake walikuwa na baa, na mtoto alianza mapema sana kuwapigia wateja akordeoni. Alipokuwa kijana alinunua kinanda cha mdomo. Wanamuziki wengi walikihesabu kinanda hicho kuwa kitu cha kuchezea watoto.

Ndipo vita ilipokuja. Wajerumani waliikalia Ubelgiji, na katika miaka hiyo Toots alipata gitaa, akajifunza kwa kusikiliza sahani za Django Reinhardt, yule bingwa wa gitaa ambaye naye alizaliwa Ubelgiji. Mwalimu wake alikuwa sahani ya santuri, na darasa lake lilikuwa sikio lake. Mwaka wa 1950 alisafiri Ulaya pamoja na kundi la Benny Goodman. Baadaye alihamia Marekani, akapiga miaka mingi na George Shearing, mpiga-piano kipofu kutoka Uingereza.

Wimbo wake Bluesette wa mwaka wa 1962, ambao ndani yake anapiga gitaa na mluzi kwa pamoja, ulienea duniani. Mwaka wa 1969 kinanda chake cha mdomo kilisikika katika filamu Midnight Cowboy, na watu ambao hawakuwahi kununua sahani ya jazi wakaijua sauti yake. Mwaka wa 2001 Mfalme Albert II alimpa cheo cha baron. Alifariki tarehe 22 Agosti 2016, akiwa na miaka 94, na mpaka leo hakuna anayekiita tena kinanda kile kitu cha watoto.

Mpiga-ngoma wa New York

Wa tatu ni Ray Barretto, aliyezaliwa Brooklyn, New York, tarehe 29 Aprili 1929. Wazazi wake walitoka Puerto Rico. Baba aliwaacha, mama akawalea watoto peke yake katika mitaa ya maskini. Nyumbani mlikuwa na nyimbo za visiwani. Katika redio mlikuwa na jazi ya Count Basie na ya Duke Ellington. Kumbe ile sauti iliyotoka Harlem ilikuwa imefika kwa mtoto huyu, aliyezaliwa siku moja na mwenye sauti, miaka 30 nyuma yake! Lakini si tarehe iliyoileta sauti ile. Ni redio, na mtoto aliyekubali kusikiliza.

Barretto aliingia jeshini akiwa na miaka 17, akapelekwa Ujerumani. Huko alisikia sahani ya Dizzy Gillespie pamoja na Chano Pozo, mpiga-ngoma wa Cuba, akajua kazi anayotaka. Ngoma hakuwa nayo. Alitwaa banjo, akaligeuza, akalipiga mgongoni. Aliporudi New York akawa bingwa wa ile ngoma ndefu ya Cuba ipigwayo kwa viganja, iitwayo konga. Mwaka wa 1957 aliingia katika kundi la Tito Puente, na mwaka wa 1963 wimbo wake El Watusi ulipigwa kote Marekani. Katika mwaka huo huo ngoma yake ilisikika pia katika Midnight Blue, sahani ya jazi ya Kenny Burrell. Kwa mkono mmoja alishika jazi, kwa mkono mwingine alishika muziki wa dansi. Alifariki tarehe 17 Februari 2006.

Ubao wa kufulia nguo

Wa nne ni Anthony James Donegan, aliyezaliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 29 Aprili 1931. Alipiga banjo na gitaa katika makundi ya jazi ya Uingereza, kwanza na Ken Colyer, kisha na Chris Barber. Alimpenda sana Lonnie Johnson, mpiga-gitaa mweusi wa Marekani, hata akatwaa jina lake, akaitwa Lonnie Donegan. Na huyo Lonnie Johnson ni nani? Ni yule aliyeingia studio pamoja na kundi la Ellington mwaka wa 1928 na kupiga gitaa katika wimbo The Mooche.

Mwaka wa 1954, pamoja na wenzake wa kundi la Barber, Donegan alirekodi Rock Island Line, wimbo alioujua kutoka kwa mwimbaji mweusi Lead Belly. Katika mwaka wa 1956 wimbo ule ulipanda Uingereza, ukapanda na Marekani. Vijana wa Uingereza wakaona kwamba muziki wa namna hii hauhitaji mali: gitaa la bei ndogo, ubao wa kufulia nguo wa kukwaruza, sanduku la majani ya chai lenye fimbo na kamba. Makundi yakazaliwa kila mji. Moja lilianzishwa Liverpool mwaka huo huo na kijana John Lennon, nalo ndilo lililokua likawa Beatles. Donegan alifariki tarehe 3 Novemba 2002.

Ngoma inarudi nyumbani

Turudi kidogo kwa konga ya Barretto, maana jina lake latugusa. Katika Cuba ngoma hiyo ina asili kwa watu weusi, na kati yao wengi ni watu wa Kongo waliovushwa bahari kwa nguvu katika zamani za utumwa. Muziki wa Cuba ulirudi kwetu ndani ya sahani za santuri tangu miaka ya 1930, na vijana wa Léopoldville waliusikia, wakaujibu kwa magitaa na kwa Kilingala. Ndivyo rumba yetu ilivyopata umbo lake, ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka wa 2021 katika urithi wa mataifa yote. Na mnamo Septemba 1974 Fania All-Stars, kundi kubwa la New York ambalo Barretto alikuwa mmoja wa nguzo zake, lilipiga Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Ellington alikuwa amefariki miezi minne mbele.

Undugu ni nini?

Sasa tuamue. Siku yaweza kumpa mtoto jina: wako wanaoitwa kwa mtakatifu wa siku yao, wako wanaoitwa Juma au Jumanne. Lakini siku haimpi kazi. Tarehe 29 Aprili walizaliwa pia maelfu ya watu ambao hawakugusa ngoma maishani mwao.

Hata hivyo hawa wanne ni ndugu kweli. Ellington alimsikiliza Johnson wa piano. Barretto akamsikiliza Ellington na Pozo. Donegan akamsikiliza Johnson wa gitaa. Thielemans akamsikiliza Reinhardt. Undugu wao ulipita masikioni. Tena hakuna hata mmoja aliyengojea chombo cha thamani: mashine iliyopunguzwa mwendo, kinanda cha watoto, mgongo wa banjo, ubao wa kufulia. Walianza na kilichokuwa karibu.

Kwa hiyo mzazi asiulize mtoto wake amezaliwa chini ya nyota gani. Aulize anasikiliza nani, na kama yuko mtu wa kumwonyesha polepole, kidole kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba hicho hakijali kilianza kujazwa siku gani.