Utapeli wa simu kwa kujifanya polisi au ofisa

Utapeli wa simu kwa kujifanya polisi au ofisa ni wizi ambao mpigaji hujitambulisha kama askari, ofisa wa serikali au mhudumu wa kampuni ya simu ili apewe pesa au namba ya siri. Nchini Tanzania unatajwa sana pamoja na ule ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Hila yake kubwa ni haraka. "Mwanao tunaye kituoni, tuma ya dhamana sasa hivi kabla hajapelekwa mahakamani," husema sauti nzito, na mzazi hazuiliwi kufikiri tu, huzuiliwa hata kukata simu. Kumbe dhamana ya polisi haiuzwi, na malipo halali ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, si kwa namba ya simu ya mtu. Mpigaji kutaja jina kamili na kabila la kijana si ushahidi. Hayo hupatikana hata Facebook.

Kinga ni kukata simu, kumpigia mwanao mwenyewe, kisha kwenda kituoni au kumtuma ndugu. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata anayedai ni huduma kwa wateja. Namba ya tapeli huripotiwa bure kwa ujumbe kwenda 15040, na *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.