Wamachinga: kabila lililogeuka kazi



Wiki hii naanza na kisa alichonisimulia mzee mmoja, mwenyeji wa mkoa wa Lindi. Miaka kadhaa iliyopita aliitwa kutoa ushahidi katika mahakama moja ya mwanzo. Karani akamwuliza jina, akajibu. Umri, akajibu. Kabila? Mzee akasema, "Mmachinga." Karani akainua kalamu. "Mzee, kazi tutafika. Nakuuliza kabila." Mzee akarudia neno lile lile, na watu waliokaa kwenye mabenchi wakaangua kicheko. Mwishowe, ili shauri liendelee, akaandikwa Mmwera.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi tangu nizaliwe sijauza hata sindano."

Naam, ndugu zangu, Wamachinga ni kabila. Kwao ni mkoani Lindi, na majirani zao ni Wamwera, Wamakonde na Wayao. Lugha yao, Kimachinga, inahesabiwa miongoni mwa lugha za nchi hii. Lakini ukisimama leo Kariakoo ukauliza Mmachinga ni nani, utaonyeshwa kijana mwenye soksi begani, na huenda kwao ni Tabora au Kilimanjaro.

Wapo wanaojua kila kitu, ambao watakwambia kwamba neno hili limetokana na Kiingereza, "marching guys", yaani vijana wanaotembea. Uongo huu unapendeza kwa sababu unafanana na ukweli. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Basi watu wakadhani kila neno la Kariakoo lina baba Mwingereza. Wamachinga walikuwa na jina lao kabla ya kijana yeyote kutandaza mitumba Mtaa wa Kongo.

Sasa jina la watu wa Lindi lilifikaje begani mwa mchuuzi? Tuanze na korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Katikati ya miaka ya 80 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei haikumvutia mkulima, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaongeza msiba. Barabara nayo ilikuwa ni mtihani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakija Kusini ilikuwa kama kisiwa. Kijana wa Lindi aliyeona mikorosho haimlishi alifunga mzigo akaja Dar es Salaam.

Alikuta nini? Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Jijini, mtu asiyeweza kuonyesha kazi inayotambuliwa aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Mwuza karanga na mwuza vitana waliingia katika fungu moja na mvivu, na wote wakaitwa jina moja: wazururaji. Zingatia neno hilo, maana mzururaji ni mkosaji hata kabla hajafanya kosa. Hana biashara, ana miguu tu.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ilianza kufunguliwa, na mwaka uliofuata akaingia madarakani hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikaingia, sahani zikaingia, redio ndogo zikaingia. Bidhaa zilikuwapo, maduka yalikuwa machache, na wenye miguu walikuwa wengi. Vijana wa Kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kubeba mali begani na kuifuata nyumba hadi nyumba. Watu wa mjini wakawaita kwa kabila, tena kwa dhihaka: "Hawa Wamachinga."

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Magomeni, mwishoni mwa miaka ya 80. Mama alikuwa akitoka barazani akiita, "We Mmachinga, hebu njoo!" Siku moja alimwuliza kijana mmoja, huku akipima suruali yangu, "Kwenu Lindi sehemu gani?" Kijana akacheka. "Mama, mimi ni Msukuma." Mama naye akacheka, akalipa, na wiki iliyofuata akamwita Mmachinga vile vile.

Hapo neno lilikuwa limekwisha kuvuka mto. Tuna neno "mchuuzi", la zamani na safi, lakini lilibaki vitabuni. Mchuuzi anaweza kuwa na meza, kivuli na leseni. Mmachinga alikuwa na miguu yake na mgambo nyuma yake. Na hapa ndipo ninapotaka tutafakari. Neno lililoanza kwa kuwadhihaki watu wa Kusini lilimtoa kijana wa mjini katika uzururaji. Mzururaji ni mtu wa kukamatwa. Mmachinga ni mtu wa kazi fulani, na mwenye kazi anaweza kudai nafasi.

Serikali nayo ikalifuata neno. Mwaka 2010 lilikamilika jengo la ghorofa kule Ilala, likaitwa Machinga Complex. Wengi hawakupanda, wakasema mteja wa soksi hapandi ngazi. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya shilingi 20,000. Rasmi vilikuwa vya wajasiriamali wadogo, lakini mtaani hakuna aliyelitamka jina refu hilo. Vilikuwa vitambulisho vya machinga. Mwaka 2021, walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kuonyeshwa maeneo maalumu, viongozi waliwataja kwa jina hilo hilo. Na shirikisho lao la kitaifa, SHIUMA, limelibeba jina hilo bila haya.

Lisikilizeni neno lenyewe lilivyobadilika. Mwanzo lilikuwa Mmachinga mmoja, Wamachinga wawili, kama Mmwera na Wamwera. Siku hizi mara nyingi ni machinga mmoja na machinga mia. Kiambishi cha watu kimedondoka, na herufi kubwa imedondoka pamoja nacho. Kumezaliwa hata "umachinga", nao hauna uhusiano wowote na mila za Lindi.

Jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya 19, mtu wa pwani akisema Wanyamwezi, aghalabu alikuwa anawaza wapagazi wa misafara. Lakini Wanyamwezi ni wengi, na jina lao lilirudi kwao. Wamachinga ni wachache. Jina lao liliwafaa watu maelfu kwa maelfu wasiowajua, na wenyewe wakabaki wanachekwa mahakamani.

Sisemi neno lirudishwe. Neno likishatoka sokoni halirudi ghalani, na vijana wanaolitumia wamelitolea jasho. Ninachoomba ni kidogo. Karani mwenzangu, na mtangazaji mwenzangu pia, siku mtu atakapokwambia kabila lake ni Mmachinga, usicheke wala usimtafutie jingine. Andika kama alivyosema, kwa herufi kubwa, kisha umwulize kazi yake. Yule mzee wangu angekujibu kwamba ni mkulima wa korosho.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.