Ugonjwa wa kusahau una historia, si uchawi

LUBERIZI – Mzee akiuliza jambo moja mara kumi, akitoka usiku bila kusema anakwenda wapi, ao akimshitaki mkwe wake kuwa ameiba pesa, majirani katika bonde la Ruzizi huanza kusema kwa sauti ya chini. Neno linalotajwa haraka ni uchawi. Lakini madaktari wanaijua hali hii tangu zaidi ya miaka 100.

Mwezi wa Novemba 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, mfanyakazi mmoja wa reli alishindwa kumtunza mke wake nyumbani, naye akapelekwa hospitalini. Mama huyo, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51. Alimshuku mume wake kuwa na mwanamke mwingine, akasahau kazi za jikoni, akawa anapiga kelele usiku. Alipokufa mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona umeharibika. Mwaka 1910 ugonjwa ukapewa jina la daktari huyo. Jina la mume halikumbukwi sana, lakini yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kwanza.

Wengi walidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2008 na 2009, watafiti walipima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili ya Afrika ya Kati. Walikuta wagonjwa karibu 8 kwa kila wazee 100 Bangui, na karibu 7 Brazzaville, mji unaotazamana na Kinshasa.

Kwetu, kukosa kulijua jina hilo kunaweza kuua. Mwezi wa Septemba 2021, wanawake 8 walioshitakiwa uchawi waliuawa hapa Kivu Kusini, wengine kwa kuchomwa moto. Si kusema kwamba walikuwa na ugonjwa huu. Lakini mama mzee anayeongea peke yake usiku ni rahisi kunyooshewa kidole.

Vita inaongeza mzigo. Mwezi wa Februari 2025, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Cibitoke, Burundi. Mgonjwa wa namna hii husahau ya jana, lakini mara nyingi ya zamani yanabaki: njia ya shamba, jina la jirani, vita ya 1964 ao ya 1996. Ndani ya hema hakuna anachokitambua. Kila jioni anaomba kurudishwa nyumbani, kisha anatoka kuitafuta nyumba iliyobaki ng'ambo ya mto. Binti anayemlinda halali usingizi.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja ao mbili, apelekwe kituo cha afya haraka: inaweza kuwa malaria ao upungufu wa maji, na hayo yanatibika. Hali ikija polepole kwa miezi, asibishiwe wala kuchekwa. Akiita nyumbani, aulizwe habari za nyumba hiyo, asimulie mpaka atulie. Bukavu, kituo cha SOSAME kinashughulikia magonjwa ya akili.

Na wanaomtunza wapokezane. Shemeji, mjukuu ao jirani akikaa na mzee usiku mmoja tu, yule binti atapata kulala.