Wali Ulipoa: Historia Fupi ya Tamthilia ya Kidenmaki Iliyoiteka Uingereza

Nilikutana na Forbrydelsen kwa bahati tu. Ilikuwa Jumamosi usiku, baridi imebana, na mwenzangu wa chumba alikuwa amefungua kompyuta yake. Nikasimama mlangoni na sahani ya wali mkononi, nikamuuliza, "Hiyo lugha gani?" Akanijibu bila kugeuka, "Kidenmaki. Kaa, unyamaze." Nikakaa. Wali ukapoa. Saa nane za usiku bado tulikuwa tunabishana ni nani aliyemuua yule binti.

Jina la tamthilia hiyo maana yake ni "Uhalifu". Iliandikwa na Søren Sveistrup, na shirika la utangazaji la umma la Denmaki, DR, lilianza kuionyesha Januari 2007. Msimu wa kwanza una sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya upelelezi. Sarah Lund, aliyeigizwa na Sofie Gråbøl, yuko katika siku yake ya mwisho kazini Copenhagen. Amekwisha kufunga mizigo ahamie Sweden. Ndipo msichana wa miaka 19, Nanna Birk Larsen, anapopatikana ameuawa. Safari inaahirishwa, kisha inaahirishwa tena, na mtazamaji anaahirisha usingizi pamoja naye.

Katika tamthilia nyingi za polisi, maiti huonekana mwanzoni halafu husahaulika. Hapa hasahauliki. Hadithi inakwenda kwa njia tatu: ofisi ya polisi, ukumbi wa jiji ambako Troels Hartmann anagombea umeya, na nyumba ya wazazi wa Nanna. Tunawaona wazazi wakichagua jeneza, wakigombana, wakinyamaziana mezani. Nadhani hiyo ndiyo siri ya taharuki yake. Hatutaki kumjua muuaji kwa udadisi tu. Tunataka wale wazazi wapate jibu. Na kila siku inapoisha, shaka humwangukia mtu mwingine. Waigizaji wenyewe hawakuambiwa muuaji ni nani, kwa hiyo kila mmoja aliigiza bila kujua kama ni yeye. Wadenmaki nao walitiwa majaribuni: sehemu 10 za kwanza ziliisha Machi, na zilizobaki zikaja Septemba.

Kazi kama hii haikuzuka ghafla. Katika miaka ya 1990 DR ilibadili namna yake ya kutengeneza tamthilia. Mwandishi alipewa usukani, na wengine wote wakaifuata dira yake. Tena hadithi ilitakiwa iwe na tabaka mbili: kisa chenyewe, na chini yake swali kuhusu jamii. Fedha zilitoka kwenye ada waliyolipa wananchi, na Jumapili saa mbili usiku ikawa saa ya familia nzima kukaa mbele ya televisheni. Mwaka 2002 tamthilia yao nyingine ya polisi, Rejseholdet, ilikwisha kupata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Uingereza ilikuwa jambo jingine. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba Mwingereza hatasoma maandishi chini ya kioo. BBC Four ilijaribu mwaka 2006 na tamthilia ya Kifaransa, Engrenages, kisha na Wallander ya Kiswidi. Januari 2011 ikaleta Forbrydelsen, sehemu mbili kila Jumamosi usiku. Watu wakasoma. Sweta la sufi la Lund, lililofumwa Visiwa vya Faroe, likawa gumzo la mji. Mwaka huohuo ilipata tuzo ya BAFTA kwa kazi za kimataifa, na Wamarekani wakatengeneza toleo lao, mji wakauhamishia Seattle. Mwaka 2012 zikafuata Borgen na Bron, nazo zikasomwa vilevile. Kumbe kusoma kulikuwa faida: huwezi kukata vitunguu wala kuchezea simu, maana ukiangalia pembeni umepitwa.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ya mjadala tulioufanya chamani, wa filamu ya kuonyesha usiku wa wageni. Mmoja wetu alisema tuchague ya Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili kitawachosha wageni. Wengi tukatikisa vichwa kukubali, na mimi nilikuwamo. Sasa nasema tulikosea. Denmaki ya 2007 ilikuwa na watu wapatao milioni 5.4. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu karibu idadi hiyohiyo katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake.

Wala hadithi ya upelelezi si ngeni kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 na ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake ana deni kwa Sherlock Holmes, na Najum ana deni kwa Watson, lakini udongo wanaoukanyaga ni wa Unguja. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Kipaji tulikuwa nacho. Walichotuzidi Wadenmaki ni fedha za uhakika, muda wa mwandishi kufanya kazi yake, na kutoionea haya lugha yao.

Fedha hatuna, lakini haya tunaweza kuyaacha. Pingamizi moja la mkutano ule lilikuwa la haki: tafsiri za filamu nyingi za Kiswahili zina makosa, na mgeni hupotea njiani. Basi hiyo ndiyo kazi yetu, sisi tunaojua lugha zote mbili. Tuchague filamu moja, tuombe ruhusa ya wenyewe, tuiandikie tafsiri safi. Kama hadithi inashika, wageni watasoma, na sambusa zitapoa mezani.