Reli ya uani na milimita 67

Likizo ya Desemba iliyopita nyumba yangu hapa Kibaha ilipata reli. Sisemi reli ya Serikali. Nasema reli ya uani, ya waya mnene uliogongomewa juu ya vijiti, kuanzia mlango wa jiko hadi chini ya mwembe. Waliojenga ni wanangu, watoto wa jirani, na mzee mmoja wa mtaani, mstaafu wa reli, ambaye alikuja kuomba moto wa sigara akabaki wiki nzima.

Mzee ndiye aliyeleta nidhamu. Alisema tusijenge kwa kukisia: kila mita moja ya reli ya kweli iwe sentimita tano za kwetu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, kwa hiyo yetu ikawa milimita 50 kamili. Mataruma yalikuwa vijiti, kichwa cha treni kopo la maziwa, magurudumu visoda. Stesheni ya Ruvu tukaipa debe lililopinduliwa, na hapo tukachepusha njia ya kwenda Tanga, maana ndipo linapoanzia tawi lililojengwa mwaka 1963 kuunganisha reli ya Tanga na ile ya Kati. Kabla ya hapo reli hizo, zote za Mjerumani na zote za upana mmoja, zilikuwa kama ndugu wasiotembeleana.

Shida ilikuja na wageni. Shemeji yangu anaishi Mzenga, wilayani Kisarawe, ambako inapita TAZARA. Wanawe walikuwa wameelezwa kwa simu watengeneze treni yao kwa kipimo kile kile cha mzee, waje nayo kabla shule hazijafunguliwa. Naam, wakaja nayo, imepakwa rangi, nzuri kuliko yetu. Wakaiweka relini, ikaanguka. Wakaiweka tena, ikaanguka tena. Wanangu wakacheka, wa Mzenga wakanuna, na maneno ya "nyie hamjui kupima" yakaanza kurushwa.

Mzee akachukua rula. Akapima magurudumu, akatabasamu. "Watoto hawa wamepima sawasawa," akasema. "Wamepima reli yao."

Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Kwa kipimo chetu ni milimita 53 na ushee. Tofauti haizidi unene wa njiti mbili za kiberiti, lakini inatosha kuiangusha treni.

Basi nikaulizwa swali ambalo baba hawezi kulikwepa: kwa nini nchi moja iwe na reli zisizoingiliana?

Ya Mjerumani haina maneno mengi. Alianza Dar es Salaam mwaka 1905, akafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Alitaka kufika ziwani, na reli nyembamba ni nafuu kuijenga.

Ya TAZARA ni habari nyingine. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao huko Rhodesia, na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita huko kwenda baharini, ikawa mikononi mwa adui. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, wakajibiwa kuwa reli hiyo haitalipa. Wachina wakakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970, ikamalizika 1975, na mwaka uliofuata reli ikakabidhiwa: kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Huko Zambia reli zilikuwa tayari za milimita 1,067, nasi tulitaka behewa la shaba litoke kule lifike bandarini bila kushushwa mzigo njiani.

Wapo wanaosema leo kwamba tulikosea kutofuata upana wetu wenyewe. Binafsi sikubaliani nao. Wewe msikilizaji ungechagua treni inayoweza kuingia Zambia, au inayoweza kuingia Kilosa?

Hata hivyo gharama ilikuwepo. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu, mkoani Morogoro, na kituo cha kuhamishia mizigo pale kilijengwa mwaka 1998, zaidi ya miaka ishirini baada ya TAZARA kuanza kazi. Kisha imekuja SGR, ya milimita 1,435, ambayo tangu Juni 2024 inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikipita Soga na Ruvu, hapa hapa kwetu. Huo ni upana wa tatu. Mwanangu mkubwa ameshakata vijiti vyake, anataka kuipitisha nyuma ya banda la kuku.

Ugomvi wa uani uliishaje? Walijenga Kidatu. Chini ya mwembe wakalaza reli mbili sambamba, ya Kibaha na ya Mzenga, na binti yangu wa mwisho, mwenye miaka sita, akapewa kazi ya kuhamisha punje za mahindi kutoka behewa hili kwenda lile. Siku ya kwanza alihamisha bure. Siku ya pili akadai kashata.