Kutoka Madhabahuni hadi Mtaani: Sam Cooke na Kiambishi Kimoja

Miaka ile nilipofundisha katika chuo cha ualimu huku Mara, tulikuwa na mwanachuo mwenye sauti iliyowaliza watu kanisani. Siku ya mahafali akachukua gitaa, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa mapigo ya dansi. Juma lililofuata kamati ya kwaya iliketi, nami nikiwa mjumbe. Tukamwondoa kwa kosa la kuimba mapenzi. Sikumtetea.

Niliposoma maisha ya Sam Cooke ndipo nilipotambua kwamba kesi ile ilikuwa imekwisha kusikilizwa kwingine. Cooke alizaliwa mwaka 1931 Clarksdale, Mississippi, akiwa mtoto wa mchungaji, akakulia Chicago. Mwaka 1950 alichukua nafasi ya R. H. Harris, mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, mojawapo ya makundi mashuhuri ya nyimbo za Injili. Mwishoni mwa 1956 alirekodi “Lovable”, wimbo wa mapenzi uliotokana na “Wonderful”, wimbo wa Injili wa kundi lake. Neno la sifa lilibadilishwa, na aliyesifiwa akawa mwanamke badala ya Mungu. Sahani ilitoka kwa jina la Dale Cook ili waumini wasimtambue, lakini sauti haina ushungi. Mwaka 1957 “You Send Me”, safari hii kwa jina lake, ulishika nafasi ya kwanza katika chati za rhythm and blues na za pop nchini Marekani.

Si yeye aliyeanza. Ray Charles alikwisha kuujenga “I Got a Woman” juu ya wimbo wa Injili mwaka 1954. Wala si yeye wa mwisho: nchini Kenya, Willy Paul, aliyevuma kwa “Sitolia” pamoja na Gloria Muliro, alilaumiwa vivyo hivyo alipogeukia nyimbo za mapenzi.

Sasa tuitazame lugha. Kiingereza humlazimisha mwimbaji anayevuka abadili viwakilishi, maana cha kiume si cha kike. Kiswahili hakimdai chochote. Nikisema, “Nikimkumbuka usiku, usingizi hunikimbia,” kiambishi -m- ni cha nani? Mwokozi au mchumba? Hata “Bwana” ni Mola, na ni mume vilevile. Kizanaki cha Butiama, Kijita cha Musoma na Kikurya navyo havitenganishi mume na mke katika viambishi vyao.

Nimejaribu kuyakumbuka maneno ya kijana wetu. Hayakumtaja msichana. Yangeimbwa Pasaka bila kubadilishwa silabi. Tulichokihukumu ni gitaa na mapigo, kisha tukasema tumeyahukumu maneno.

Ushairi wetu nao umeuvuka mpaka huo zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anakumbukwa kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuuingiza katika siasa, vita, njaa na mapenzi. Leo hatumwiti mpotevu, tunamfundisha darasani. Na jirani yetu Mwalimu Nyerere wa Butiama alivuka kwa njia nyingine: utenzi, bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani, yeye Mkatoliki aliutumia kuisimulia Injili, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996. Vina na mizani havikumuuliza dini yake.

Cooke mwenyewe hakulitupa alilolelewa nalo. Januari 1964 alirekodi “A Change Is Gonna Come”, wimbo wa madhila na matumaini ya watu weusi. Aliuawa kwa risasi Los Angeles tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, na wimbo ukawa sauti ya harakati za haki za kiraia. Anayeusikiliza husikia kanisa ndani yake, ingawa haukutungwa kwa ajili ya ibada.

Sidai kwamba kila avukaye huvuka salama, wala kwamba kwaya haina haki ya kuweka taratibu zake. Nasema tu kwamba kabla ya kumhukumu mtunzi tuyasome maneno yake. Katika kamati ile nilikuwa na kura moja. Niliipiga bila kuyasoma.