Darasa la Saratani Ndani ya Simu ya Muuguzi

Halati yangu alikaa na uvimbe wa titi miezi saba kabla ya mtu yeyote kumtajia saratani. Si kwamba hakwenda zahanati. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alipewa vidonge, mara ya pili vidonge vya rangi nyengine, na mara ya tatu akaambiwa ni maziwa yaliyoganda, naye kitinda mimba wake ana miaka 22. Alipofika Mombasa, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwapani. Zahanati yenyewe siitaji, na yule muuguzi simlaumu sana. Nilipomuuliza baadaye alisomeshwa nini kuhusu saratani chuoni, alinijibu, "Siku chache tu, na mtihani haukuuliza."

Ndipo nikaanza kufuatilia habari ya wahudumu wa afya kusomeshwa saratani kwa mtandao. Mabingwa wa ugonjwa huu nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Lakini mgonjwa haanzii kwa bingwa. Aanzia Kiunga, Ganze au Kinango, kwa muuguzi aliye peke yake na foleni ya watoto wenye homa mlangoni. Huyo asipoutambua, bingwa atauona ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Wengi wakisikia masomo ya mtandaoni hudhani ni video za kutazama. Video zipo, na nyengine nzuri sana. Hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, ilianzisha tovuti ya Cure4Kids mwaka 2002, na mhudumu wa nchi yoyote aliweza kujisajili bila malipo akasoma saratani za watoto. Sisi wenyewe Kenya si wageni: mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi walianza mpango wa kuwasomesha wauguzi wa cheti kwa kompyuta hadi diploma, bila kuacha kazi zao.

Ulionivutia mimi zaidi ni mfumo uitwao ECHO. Dkt Sanjeev Arora, bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliuanzisha mwaka 2003 kwa kuwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakingoja miezi minane kumuona. Badala ya kuwavuta wagonjwa mjini, aliwaita wahudumu wao katika kikao cha video kila wiki. Mmoja aleta kisa cha mgonjwa wake, jina limefichwa. Wenzake wauliza, bingwa atoa shauri, na wote wajifunza kwa kisa kile kimoja. Mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa katika New England Journal of Medicine. Waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na magerezani walipona asilimia 58.2, na wale wa kliniki ya chuo asilimia 57.5. Baadaye mfumo huo ukaingia kwenye saratani, na kituo cha MD Anderson cha Texas kimeutumia na wahudumu wa Msumbiji na Zambia kukinga saratani ya mlango wa kizazi.

Saratani hiyo yafaa sana kwa masomo haya, kwa sababu kipimo chake kimoja ni cha macho. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5, akangoja dakika moja. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Ndiyo, siki, ndugu ya ile ya kachumbari. Tabu ni kwamba weupe mwengine ni wa uvimbe wa kawaida tu, na jicho halizoei mpaka lione picha nyingi na kusahihishwa. Picha zapita kwenye simu bila shida. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lapendelea kipimo cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe, ila mashine yake haiko kila zahanati. Na mkono haufunzwi kwa simu. Lazima mtu asimame kando ya aliyemtangulia.

Kisha kuna uvimbe wa taya kwa watoto. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Hupatikana zaidi kwenye malaria nyingi, na pwani yetu ni mojawapo. Mama huona meno ya mwanawe yalegea, akampeleka kung'olewa. Uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na dawa huukubali vizuri ukiwahiwa. Hapo, kujua au kutojua kwa muuguzi mmoja ndiko kunakoamua.

Mtoto wa dada yangu ni muuguzi katika kisiwa kimoja cha Lamu. Yeye huingia kwenye vikao hivi akiwa barazani, mahali pekee mtandao unaposhika, na bando hununua kwa pesa zake. Kikao kikiwa mchana, foleni yamngoja. Wauguzi wahitaji alama za masomo ili leseni zao zihuishwe, na wako wanaoingia kwa ajili ya alama tu, simu ikabaki kwenye chaji. Kaunti zikiihesabu saa hiyo kuwa ni kazi, na zikalipia bando, nadhani wengi watasikiliza. Na hata akijua, kutoka kwake hadi Mombasa ni mashua na zaidi ya kilomita 300 za barabara. Kwa hiyo ni lazima pia ajue ampigie nani, na kipande cha kupimwa kitasafirishwa vipi.

Masomo yenyewe ni ya Kiingereza. Siku moja aliuliza kikaoni amwambieje bibi wa makamo kwamba yuataka kumtoa kipande cha nyama kikapimwe. Akisema "utakatwa", bibi hatarudi. Halati wangu naye alichelewa wiki tatu nyengine kwa neno hilo hilo. Bingwa hakuwa na jibu. Aliyejibu ni muuguzi mwenzake wa Kilifi: yeye huwaambia, "Mama, tutachukua kadiri ya punje ya mchele, tuitazame."

Mpwa wangu sasa ana punje mbili za mchele kwenye kikopo chake cha mezani.